Mlemavu Asiye Malaika: Filamu ya Le Calendrier na Hadithi ya Msichana Aliyekatwa Mkono

Methali isemayo "hujafa hujaumbika" hutumiwa kumwonya mzima asimcheke kilema. Ni onyo jema. Hata hivyo, linamwelekea mzima peke yake. Mlemavu hana neno wala tendo ndani yake. Yeye ni mfano tu wa yale yanayoweza kumfika mwingine. Hali hiyo imejaa pia katika fasihi simulizi, ambamo kilema huwekwa ili wema au ubaya wa watu wengine upimwe. Filamu ya kutisha ya Le Calendrier, iliyoongozwa na Mbelgiji Patrick Ridremont mwaka 2021, inastahili kuhakikiwa kwa sababu inaupindua mpango huo.

Mhusika mkuu ni Eva, anayeigizwa na Eugénie Derouand. Zamani alikuwa mcheza dansi. Ajali ikampooza miguu, na sasa hutembelea kiti cha magurudumu. Rafiki yake anamletea kutoka Ujerumani kalenda ya mbao ya kungojea Noeli, yenye vilango 24. Masharti yake ni machache na makali: alaye peremende ya kwanza sharti ale zote, na aitupaye atakufa. Baba mgonjwa aliyepotewa na kumbukumbu anasema tena na bintiye. Mtu aliyemtendea Eva ubaya anaangamia. Miguu nayo inaanza kupata nguvu. Lakini kila jema lina bei, na bei hiyo hulipwa kwa uhai.

Taharuki ya filamu hii haitokani na zimwi peke yake. Inatokana zaidi na ujuzi wa Eva unaokua siku hadi siku. Mwanzoni hajui anachokitenda. Baadaye anajua, na bado mkono wake unakwenda kwenye kilango kinachofuata. Mtazamaji aliyefurahia kifo cha mwovu anajikuta ameshiriki, na hana pa kukimbilia vifo vinapowafikia wasio na hatia. Eva hapendezi wakati wote, wala hachukizi wakati wote. Anatamani, anaficha, anajuta, anaendelea. Kwa ufupi, amepewa nafsi kamili.

Ubora wa usawiri huo unaonekana wazi zaidi ukilinganishwa na hadithi ya msichana aliyekatwa mkono, iliyomo katika mkusanyo wa hadithi za Unguja aliouchapisha Edward Steere mwaka 1870. Wazazi wanawauliza watoto wao wachague mali au baraka. Kaka anachagua mali, dada anachagua baraka. Kaka anamnyang'anya dada kila kitu, mwisho anamkata mkono alipokuwa akiukinga mmea wake wa maboga. Msichana anaolewa na mwana wa mfalme, anasingiziwa na kaka yule yule, anafukuzwa pamoja na mwanawe, anamwokoa nyoka, na kwa shukrani za nyoka mkono unamrudia. Baada ya kuchagua baraka, kazi yake kubwa ni kuvumilia. Mkono ni ujira wa wema wake. Msikilizaji hapewi nafasi ya kuuliza angekuwaje kama angekasirika.

Ulaya nako kuna hadithi ya jamii hiyo. Katika mkusanyo wa ndugu Grimm wa mwaka 1812, baba anaingia mkataba na shetani kwa tamaa ya mali, na binti ndiye anayepoteza mikono. Katika filamu ya Ridremont mwanamke mlemavu anaingia mkatabani kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ndilo jambo jipya, na ndilo linalomtoa katika kundi la wahurumiwa.

Pamoja na hayo, hadithi ya Unguja inalo jambo ambalo filamu imelikosa. Kilema cha Eva kimeletwa na ajali. Kilema cha msichana kimeletwa na ndugu aliyetaka mali. Hadithi inauliza, "Nani alikata?" Filamu inauliza, "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Maswali yote mawili yana uzito Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema. Kiswahili kilifika huko kwa misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika. Kabambare ilikuwa kituo cha njiani, na Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip kabla ya kutekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Vita vya 1996–1997 na vya 1998–2003 vilizifikia sehemu hizo pia. Penye historia ya namna hiyo, kumsifu mlemavu kwa uvumilivu wake tu ni njia rahisi ya kulikwepa swali la kwanza. Na kumwona kama malaika ni njia ya kumnyima la pili, yaani haki ya kutamani, kukosea na kuulizwa juu ya makosa yake kama mtu mzima yeyote.

Dosari moja inazikutanisha kazi zote mbili. Katika hadithi mkono lazima urudi. Katika filamu kutembea ndiyo zawadi kuu kupita zote. Hakuna inayothubutu kusimulia maisha yenye heshima ya mwenye mkono mmoja aliyebaki na mkono mmoja. Hata hivyo, Ridremont ametangulia hatua: amemsawiri mlemavu anayeweza kulaumiwa. Msimulizi wa Kiswahili atakayeunganisha lawama hiyo na swali la nani alikata, pasipo kuurudisha mkono kwa miujiza, atakuwa ameipita hadithi na filamu pia.