Etimolojia Isigeuzwe Hakimu: Mfano wa Neno "Aujourd'hui"

Sisi walimu wa Kiswahili tunaofundisha wanafunzi waliosoma Kifaransa tuna mazoea ya kueleza neno ambatani kwa kulivunja vipande na kujumlisha maana za vipande hivyo. Mazoea haya yana manufaa, ila yanapofanywa kipimo cha usahihi hupotosha. Tuchukue neno la Kifaransa aujourd'hui, yaani "leo".

Kihistoria, neno hili lina au (katika), jour (siku), d' (ya) na hui. Hui lilitokana na Kilatini hodie, ambalo nalo ni muungano wa hoc die, "siku hii". Muundo huo si mgeni kwa Mnyarwanda asemaye uyu munsi. Mabadiliko ya sauti yalimomonyoa hodie hadi ikabaki silabi moja tu, na wasemaji wakaitia nguvu kwa kuitanguliza au jour de. Tukitafsiri kipande kwa kipande, tunapata "katika siku ya siku hii"! Kihispania na Kiitaliano, vilivyozaliwa na Kilatini hichohicho, vimebaki na hoy na oggi bila nyongeza hiyo.

Je, Mfaransa asemaye aujourd'hui anakosea? La hasha. Kwake hilo ni neno moja lenye maana moja. Wapo hata wasemao au jour d'aujourd'hui, japokuwa watetezi wa Kifaransa sanifu huwakemea.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Baadhi ya walimu huwakata wanafunzi alama kwa kuandika "siku ya leo" au "leo hii", wakidai kwamba "leo" tayari ni siku. Hatukubaliani nao. "Leo hii" hutia mkazo ambao "leo" pekee haina. "Siku ya leo" yaweza kuwa ziada katika insha fupi, lakini hilo ni suala la mtindo, si kosa la sarufi. Vivyo hivyo, "mwanamke" si "mtoto wa mke", na ndiyo maana twasema "mwanamke mzee" bila kujipinga.

Etimolojia hutuonyesha neno lilikotoka. Maana yake ya sasa huamuliwa na matumizi. Kabla ya kushika kalamu nyekundu, hatuna budi kujiuliza: je, wasemaji mahiri husema hivyo? Je, maneno hayo yanaongeza jambo? Jibu likiwa ndiyo, mwanafunzi aachiwe alama zake.