Ubeti Uliopotea wa Bustani ya Versailles

Mhariri wa utenzi wa kale hufika mahali ambapo mchwa wamekwisha kula karatasi. Hapo aweza kuuacha mwanya wazi, au atunge ubeti kwa lahaja ya kale na kuupenyeza kimya kimya, au autunge kwa lugha yake mwenyewe na kuutia alama kuwa ni wake. Mtihani uo huo umewafika wasanifu wa bustani za kasri za Ulaya.

Bustani za karne ya 17 zilipangwa kwa arudhi kali. Mti ulikatwa na kulinganishwa na mwenziwe wa ng'ambo ya njia, mithili ya kina na kina. Bingwa wa fani hiyo alikuwa André Le Nôtre, na huko Versailles, kati ya 1671 na 1674, alimjengea Mfalme Louis XIV Ukumbi wa Maji: jukwaa, viti vya watazamaji, na njia tatu zilizotanuka zikirushiwa maji. Waigizaji walikuwa maji yenyewe. (Nayo yalikuwa haba, watumishi walipigiana mbinja mfalme akikaribia, ili chemchemi zifunguliwe mbele yake tu.)

Mnamo 1775 ukumbi ule uliondolewa, pakawekwa duara la majani. Dhoruba za 1990 na 1999 zikaangusha miti, na mahali pale pakafungwa.

Huko Uholanzi, kasri ya Het Loo ilichagua njia ya pili. Hadi kufikia 1984 mandhari ya baadaye yaliyofunika bustani ya kale yalifutwa, na karne ya 17 ikafufuliwa upya kabisa. Ni kazi safi, lakini vizazi vilivyopita baina yake vimenyamazishwa. Mkataba wa Florence wa 1982 waonya dhidi ya kukipendelea kipindi kimoja namna hiyo.

Versailles ilifuata njia ya tatu. Baada ya shindano lililotangazwa 2011, kazi alipewa Louis Benech, na Jean-Michel Othoniel akaunda chemchemi. Pakafunguliwa Mei 2015. Benech hakunakili, bali alibakiza wazo la jukwaa na watazamaji katika uwazi uliozungukwa na miti. Sanamu za Othoniel, shanga za kioo zilizopakwa dhahabu, zapinda juu ya maji kufuata alama za kuandikia ngoma alizochapisha Raoul-Auger Feuillet mwaka 1701. Hapa ndipo penye ushairi wa kweli: mfalme yule alikuwa mchezaji ngoma, na hatua za mwili zimerudi kwa mwandiko wa zama zake, si kwa sura yake.

Hata hivyo dhahabu ile yang'aa mno. Jicho latekwa na kito, na miti ya Benech, iliyo kazi ya subira zaidi, yageuka kisanduku cha kukihifadhia. Tena ubeti huu mpya bado ni wa sifa. Mwaka 1685 maelfu ya askari walipelekwa kuchimba mfereji wa kuyaleta maji ya mto Eure Versailles. Wengi wakafa kwa homa, na mfereji haukukamilika. Msanii wa leo, aliyekuwa huru kuliko Le Nôtre, aliweza kuwapa japo mshororo mmoja. Alimchagua mfalme achezaye.