Mkasi wa Waridi, Kiwiko na Kidole Gumba

Mkata waridi katika kivungulio cha Naivasha hubana mkasi tangu asubuhi, na wiki za kuelekea Februari 14 hubana zaidi. Mkamaji wa Molo naye hana nafuu, wala mchimba viazi wa Njoro. Wengi wao hawajawahi kushika raketi, lakini maumivu yanayowapata upande wa nje wa kiwiko ndiyo yale yale ya kiwiko cha tenisi.

Siri iko katika kushika. Vidole vikijikunja kubana mkasi, misuli ya mgongo wa kigasha hulazimika kukaza ili kifundo cha mkono kisilegee na kujikunja. Mzigo huo wote huishia kwenye kano fupi iliyojishikiza kwenye nundu ya mfupa upande wa nje wa kiwiko. Maumivu yakidumu miezi, uvimbe wa kawaida huwa haupo tena. Mwaka 1979 daktari Mmarekani Robert Nirschl alieleza alichokiona katika upasuaji: nyuzi zilizovurugika na vishipa vipya vya damu. Kano imechakaa na imeshindwa kujijenga upya. Kwa hiyo dawa ya kupunguza uvimbe haina mengi ya kufanya hapo.

Tiba ya mikono je? Mbinu inayojulikana sana ni ya daktari James Cyriax wa St Thomas' Hospital, London. Mgonjwa huketi, kiwiko kimekunjwa pembe mraba, kiganja kikitazama juu. Mtibabu huweka ncha ya kidole gumba mbele kidogo ya ile nundu, hukandamiza kuelekea nyuma, kisha husugua kwa kukatiza nyuzi za kano, wala si kuzifuata. Mafuta hayatumiki, kwa kuwa kidole na ngozi vinapaswa kwenda pamoja. Kidole kikiteleza, ngozi ndiyo inayochuliwa na kano inabaki ilivyo. Hapo ndipo uchuaji mwingi wa mitaani unapopotea: dawa kali, mafuta mengi, na mkono unaopita juu ya mfupa wenyewe. Baada ya dakika chache sehemu hufa ganzi, na kusugua huendelea kama dakika 10 zaidi. Kisha kifundo hukunjwa, kigasha huzungushwa kiganja kitazame chini, na kiwiko hunyooshwa kwa msukumo mmoja mfupi. Kiwiko kisichonyooka hadi mwisho hakifanyiwi hivyo, maana nguvu itaishia kwenye kiungo.

Cyriax aliamini kwamba anavunja makovu. Mimi siamini kwamba kidole hupanga upya nyuzi za kano. Kinachoonekana wazi zaidi ni ganzi ile: maumivu hupungua kwa muda na mshiko hupata nguvu. Mtaalamu wa fiziotherapia Brian Mulligan wa New Zealand alifika huko kwa njia ya upole zaidi. Mkono mmoja hushikilia mfupa wa juu ya kiwiko, mwingine husukuma kigasha kutoka ndani kwenda nje, huku mgonjwa akibana ngumi. Maumivu yasipopungua papo hapo, pembe hubadilishwa.

Utafiti wa Brisbane, Australia, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuwa na watu 198 wenye kiwiko cha tenisi. Baada ya wiki 6 waliochomwa sindano ya steroidi walikuwa mbele sana. Baadaye asilimia 72 kati yao walirudiwa na maumivu. Waliopata mbinu ya mikono pamoja na mazoezi, vikao 8 kwa jumla, walifanya vizuri zaidi kuliko sindano ilipofika mwaka mmoja. Lakini hata waliosubiri tu na kupewa ushauri walikuwa karibu nao sana wakati huo. Ukweli huo mgonjwa anastahili kuambiwa kabla hajalipia kikao cha kwanza.

Basi naona mikono inanunua muda, na muda huo utumike kuipa kano mzigo kidogo kidogo. Kutoka Naivasha hadi hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nakuru ni kama kilomita 70. Nauli peke yake humfanya mtu akome baada ya ziara mbili. Lakini chupa ya maji ya nusu lita iko nyumbani. Laza kigasha mezani, kiganja kitazame chini na kining'inie ukingoni, inua chupa kwa msaada wa mkono usiouma, kisha iteremshe polepole kwa hesabu ya nne. Mara 15, awamu 3, kila siku, kwa miezi. Maumivu kidogo yanavumilika. Yakizidi hadi kesho yake, punguza maji.

Wasimamizi wa mashamba nao wana sehemu yao. Kumhamisha mkataji kwenye meza ya kupanga maua si kumpumzisha ikiwa atashinda akivua majani kwa kubana mashina. Kano ni ile ile. Mkasi ulionolewa na kutiwa mafuta hupunguza nguvu ya kila mbano, na hilo halihitaji daktari.

Ikiwa shingo inauma pia, ganzi inashuka hadi mgongo wa kidole gumba, au vidole vinashindwa kujinyoosha, acha kuchuliwa kiwiko. Huenda tatizo ni mshipa wa fahamu, na hapo mtu apimwe na mtaalamu wa fiziotherapia aliyesajiliwa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2014, au daktari, kabla ya yeyote kumgusa tena.