Tumbawe na Marumaru

Mezani kwangu nina mawe mawili: kipande cha tumbawe la pwani na kipande cha marumaru ya Mahenge, mkoani Morogoro. Nasema marumaru kwa maana ya jiwe lenyewe, si vigae vya sakafuni. Nimeyakamulia ndimu yote mawili. Kwenye tumbawe povu limepanda papo hapo. Kwenye marumaru vimekuja vipovu vichache, polepole. Yametoa povu yote kwa sababu ni kitu kimoja, kalisiamu kaboneti.

Ukiyasogeza kwenye lenzi, undugu huo hauonekani. Tumbawe limejaa vijumba kama sega la nyuki, kila kimoja makazi ya kiumbe wa baharini. Marumaru haina kijumba hata kimoja: ni chembe zinazometa, zimebanana kama sukari iliyoshikana. Nayo ilianza kama mashapo ya bahari, ikazikwa chini kabisa, ikapikwa na kukandamizwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita hadi ikasahau bahari yake.

Lakini wachoma chokaa wetu nao hupika tumbawe hilihili. Hulipanga juu ya magogo, moto ukawaka usiku kucha, na kinachobaki ni chokaa, wala si marumaru. Kwa nini? Tanuri liko wazi, kwa hiyo gesi ya kaboni hutoka na kulivunja jiwe. Ardhini hakuna pa kutokea. Mpishi wa pilau anaelewa: funika sufuria, palia makaa juu, mvuke ubaki ndani. James Hall wa Uskoti alilithibitisha hilo kwa kuziba unga wa mawe ya chokaa ndani ya mitutu ya bunduki na kuichoma. Alirudia zaidi ya mara 500, na mitutu mingi ikapasuka, kabla ya kuwasomea wenzake wa Edinburgh matokeo mwaka 1805: unga ulikuwa umeshikana ukawa jiwe linalofanana na marumaru.

Namheshimu Hall. Ila moyo wangu uko kwa wachongaji wa tumbawe.

Mchonga marumaru anaweza kuweka tindo chini leo na kuishika tena mwakani, jiwe litamngoja. Mchonga tumbawe hakuwa na nafasi hiyo. Kwa kazi ya nakshi na maandishi alichagua lile lenye vijumba vidogo mno, likakatwa baharini likiwa hai, na likiwa bado bichi huchongeka karibu kama mti. Likikaa hewani linakauka na kuwa gumu. Kwa hiyo kila herufi ilibidi iwe imekamilika kichwani mwake kabla ya pigo la kwanza, na mkono usitetemeke, maana ukingo ukimeguka kwenye jiwe lenye matundu haurudishiki.

Nenda Kizimkazi Dimbani, Unguja. Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa kufi, yaliyochongwa kwenye tumbawe la kibla, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Sogea hadi pua iguse ukuta. Shina la herufi linapanda, linajisuka, linafunguka kama jani, na katikati ya jani hilo, ukitazama kwa makini, vile vijumba vidogo bado vipo.