Ng'ombe wa Piyaya Wanasubiri Idara Gani?

Mara ya kwanza nilipofika Piyaya kwa ajili ya utafiti wangu, mzee mmoja wa boma nililofikia aliniuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu vizuri. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitazama begi langu la vifaa, kisha akasema: "Kijana, wewe ni wa ng'ombe au wa nyumbu?"

Nikamwambia mimi ni wa wanyamapori. Akacheka kidogo. "Basi huu ugonjwa wa nyumbu unaoua ng'ombe, mwenyewe ni nani?"

Kwa wasomaji wasioijua, Piyaya ni kata ya wilaya ya Ngorongoro, upande wa nyanda za nyasi fupi zinazoungana na Serengeti. Kati ya Januari na Machi nyumbu huja kuzalia kwenye nyanda hizo. Nyasi za wakati huo ndizo bora kuliko za msimu mwingine wowote, lakini mfugaji anayewapenda ng'ombe wake anawahamisha. Ndama wa nyumbu, katika miezi yake ya kwanza, hutoa puani na machoni kirusi cha jamii ya herpesi. Nyumbu mwenyewe hana shida nacho. Ng'ombe akikipata anashikwa na homa kali, macho yanafunga ukungu, kamasi nzito zinatoka, na karibu kila mara anakufa. Dawa hakuna. Chanjo ya majaribio iliyopimwa Simanjiro ilionyesha kinga ya kiasi tu.

Wamaasai walijua uhusiano wa ugonjwa huu na kuzaa kwa nyumbu kabla ya maabara yoyote. Mwaka 1960 Walter Plowright, aliyekuwa akifanya kazi Muguga nchini Kenya, alithibitisha kwamba nyumbu ndiye anayekibeba kirusi. Plowright huyohuyo ndiye aliyetengeneza chanjo ya sotoka iliyotumika hadi ugonjwa huo ukatangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Na hapo pana jambo la kuchekesha na kuumiza kwa pamoja: sotoka ilikuwa ikiua ndama wa nyumbu pia. Ng'ombe walipochanjwa, nyumbu wakapona. Kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, kundi la Serengeti lilivuka milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Kwa maneno mengine, ushindi wa daktari wa mifugo ulimwongezea mfugaji wa Piyaya tatizo la nyumbu.

Sasa niambie, tatizo hilo ni la idara gani? Tiba ya wanyama? Ikolojia? Virolojia? Sosholojia ya wafugaji? Mzee yule aliuliza kwa lugha yake swali ambalo mabaraza ya vyuo vikuu vyetu hulijibu kila yanapokaa kuamua kozi ipi ianze, idara ipi iunganishwe na kitivo kipi kivunjwe. Na hoja yangu leo ni hii: mabaraza hayo yanafanya majaribio makubwa juu ya elimu, lakini hayafuati hata kanuni moja ya majaribio ambayo sisi wanafunzi tungefelishwa tusipoifuata.

Twende taratibu, tuanze na historia.

Kati ya 1963 na 1970 tulikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Waliokipanga waligawana kozi zenye gharama kubwa: sheria ilianzia Dar es Salaam, udaktari wa binadamu na kilimo vikawa Makerere, uhandisi na tiba ya wanyama vikawa Nairobi. Kwenye karatasi ni mgawanyo wa busara. Nchi tatu maskini zina sababu gani ya kujenga shule tatu za tiba ya wanyama? Kwa hiyo Mtanzania aliyetaka digrii ya kutibu ng'ombe alikwenda Kabete, Nairobi.

Chuo kile kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa tayari kimefungua kitivo cha kilimo Morogoro mwaka 1969, na mwaka 1976 kikaongeza hapo mafunzo ya tiba ya wanyama. Mwaka 1984 Morogoro ikajitegemea na kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humohumo Aprili mwaka huo. Sokoine alikuwa mtoto wa wafugaji wa Monduli.

Naukubali uamuzi wa 1976, na nasema hivyo bila kusitasita. Haukuwa wa bei rahisi. Kufundisha tiba ya wanyama kunataka hospitali ya mifugo, maabara, shamba, mizoga ya kuchunguza, na walimu wachache kwa wanafunzi wachache. Mhasibu yeyote angesema endeleeni kuwapeleka Nairobi. Lakini kozi ile ilizaa watu waliosomea magonjwa ya huku kwetu. Chukua ormilo, ule ugonjwa unaomfanya ng'ombe azunguke kama aliyelewa mpaka aanguke. Jina ni la Kimaasai, na limeingia kwenye majarida ya sayansi kwa sababu kulikuwa na watafiti waliokwenda Ngorongoro, wakasikiliza jina, wakapasua ubongo wa ng'ombe, wakaona vimelea vinavyoenezwa na kupe. Kazi ya namna hiyo haiwezi kupangiwa bajeti ya mwaka mmoja. Faida ya uamuzi wa 1976 ilikuja kuonekana miaka ishirini, thelathini baadaye.

Sasa linganisha na yaliyotokea Nairobi. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha Nairobi kilijipanga upya kwa kuunda ndaki sita, kila moja na mkuu wake, ili madaraka yashuke chini. Kilimo na tiba ya wanyama viliwekwa pamoja kule Kabete. Julai 2021 Baraza la chuo hicho likatangaza kuzifuta ndaki zote. Vitivo, shule na taasisi 35 vikaunganishwa kuwa vitivo 11. Nafasi za manaibu makamu mkuu wa chuo zikabadilishwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza gharama na urasimu. Kilimo na tiba ya wanyama, vilivyokaa nyumba moja tangu 1983, vikawa vitivo viwili tofauti. Mwezi huohuo wanafunzi waliandamana kupinga ada mpya, na suala la muundo likafika mahakamani.

Huku kwetu, baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 na Hati Idhini ya 2007, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwenda njia ya kinyume: vitivo vikageuzwa kuwa ndaki na shule kuu. Kule Morogoro nako, kilichokuwa kitivo cha tiba ya wanyama leo ni ndaki. Ukisoma maelezo ya pande zote mbili utakuta maneno yaleyale: ufanisi, uwajibikaji, kuondoa mwingiliano. Jirani mmoja anajenga ndaki ili apate ufanisi, mwingine anazibomoa ili apate ufanisi uleule! Haiwezekani wote wawe sahihi kwa sababu hiyo hiyo moja. Inawezekana, labda, kwamba muundo hauna athari kubwa kama tunavyodhani. Inawezekana pia kwamba una athari kubwa sana. Ili tujue, mtu alipaswa apime kabla na baada.

Na hapo ndipo lawama yangu ilipo. Mwanafunzi wa uzamili akitaka kuchanja mbuzi arobaini anaandika andiko la utafiti. Anataja dhana yake. Anaeleza hali ya kuanzia ilivyo. Anaonyesha kundi la ulinganisho. Anasema atapima nini, lini, na matokeo gani yatamfanya akiri kwamba alikosea. Akikosa kimojawapo, andiko linarudishwa likiwa na wino mwekundu. Baraza la Chuo linaunganisha idara tano zenye mamia ya wanafunzi, na tunachopata ni taarifa kwa umma ya aya tatu yenye neno "maboresho".

Najua jibu litakalokuja: baraza halishughulikii mtaala, hiyo ni kazi ya Seneti. Ni kweli. Kozi mpya hupanda ngazi kutoka idarani hadi Seneti, kisha Tume ya Vyuo Vikuu hutoa ithibati. Lakini baraza ndilo linaloshika muundo, ajira na fedha. Ukiifuta idara, hujagusa mtaala hata mstari mmoja, ila umeamua nani ataufundisha, na kama atakuwa na gari la kwenda porini.

Nina ushahidi mdogo wa kwangu, wa mtu mmoja, uuchukue hivyo. Chuo nilichosoma (jina nalihifadhi) kiliunganisha idara yangu na nyingine katikati ya mwaka. Kibali changu cha utafiti kilikuwa kimesainiwa na mkuu wa idara ambayo kisheria haikuwepo tena. Ofisi mpya haikuwa na mhuri. Wiki tatu, wiki sita, miezi miwili. Nilipopata karatasi sahihi ilikuwa Aprili. Sasa nyumbu hawasubiri mhuri. Wanazaa mara moja kwa mwaka, ndani ya majuma machache, wakimaliza wameondoka. Nikapoteza msimu mzima, na ule mwaka wa nyongeza nilijilipia mwenyewe. Katika hesabu ya kupunguza gharama ya chuo, mwaka wangu haukuandikwa popote.

Tuwe waadilifu pia. Vyuo vina hali ngumu, ruzuku hazitoshi, na kuna idara ambazo kweli zina walimu watatu na wanafunzi wanne. Na sababu ya kitaaluma ya kuunganisha ipo, tena ni nzito: ugonjwa wa nyumbu unahitaji daktari wa mifugo na mwanaikolojia wakae meza moja. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyozinduliwa rasmi 2012, ilianza kwa wazo la namna hiyo. Haina shahada ya kwanza, na badala ya idara nyembamba ina shule pana, mojawapo ikiwa ya sayansi za uhai na uhandisi-baiolojia. Napenda wazo lile. Lakini kuwaweka watu chini ya ubao mmoja mlangoni hakuwafanyi wafanye kazi pamoja, kama vile kuwafunga mbuzi na ng'ombe zizi moja hakuwafanyi kundi moja. Ushirikiano unaonekana kwenye mambo yanayohesabika: wanafunzi wangapi wana wasimamizi kutoka fani mbili tofauti, machapisho mangapi yameandikwa na watu wa pande zote, safari ngapi za uwandani zimefanywa kwa bajeti moja.

Jambo hili lina haraka. Kupitia mradi wa HEET, wenye mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, vyuo vya umma Tanzania vimekuwa vikipitia upya mitaala na kuanzisha programu mpya. Kipimo kinachotajwa zaidi ni soko la ajira. Sawa, ajira ni muhimu, nami naitafuta. Ila soko la ajira la Piyaya ni lipi? Mfugaji wa kule hatangazi nafasi za kazi. Hajazi dodoso la waajiri. Kwenye utafiti wa mahitaji ya soko, yeye ni sifuri, ingawa ndiye anayebeba hasara ya elimu isiyomfikia.

Kwa hiyo ninaomba vitu vitatu, vyote vya kawaida kwa mtu wa sayansi. Kwanza, baraza likipitisha muundo mpya, lichapishe hali ya kuanzia: wanafunzi wa uzamili wanamaliza kwa miaka mingapi, wangapi wanaacha njiani, usimamizi wa pamoja ni kiasi gani. Pili, litaje tarehe ya kupima tena, tuseme baada ya miaka mitano, na liseme matokeo yapi yatalifanya lirudi nyuma. Tatu, kabla ya kufuta au kuanzisha, liwaulize watu wa mwisho wa mnyororo, wale ambao ujuzi ule unapaswa kuwafikia, na majibu yao yawekwe kwenye makabrasha ya kikao pamoja na hesabu za mhasibu.

Hakuna kati ya hayo kinachohitaji mkopo. Takwimu nyingi ziko tayari kwenye ofisi za udahili na za uzamili, zimekaa kwenye mafaili.

Januari nitarudi Piyaya, mhuri ukiwa sawasawa. Safari hii naenda na mwenzangu wa tiba ya mifugo, ingawa tulilazimika kuomba fedha mahali pawili tofauti na kuandika ripoti mbili za safari moja. Mzee akiniuliza tena, nitamwambia leo tumekuja wa ng'ombe na wa nyumbu pamoja. Akiuliza nani ametutuma, hapo itabidi nifikirie.