Uhakiki wa Utafutaji wa Maarifa ya Mahali Mtandaoni: Mfano wa Kata ya Mpepai

Sehemu hii inahakiki upatikanaji wa maarifa kuhusu Mpepai, kata ya Mbinga mkoani Ruvuma, kupitia Wikipedia ya Kiswahili. Makala za kata humo hufuata mpangilio wa kiutawala: mkoa, wilaya, kata, kisha idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Mpangilio huo humwonesha msomaji kata ilipo, lakini haumfikishi kwenye maarifa ya wakazi wake. Ngolo, kilimo cha mashimo ambacho Wamatengo hukitumia kuzuia mmomonyoko katika miteremko mikali, kimechunguzwa na watafiti wengi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Aidha, maandishi ya zamani huliweka eneo hili chini ya Songea, na yale ya ufuo wa Ziwa Nyasa yaliyotangulia kuundwa kwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012 yamebaki chini ya Mbinga. Hivyo basi, anayetafuta kwa jina la sasa pekee hukosa mengi. Inapendekezwa kila makala ya kata iunganishwe na majina ya kihistoria na istilahi za wenyeji, ili mkulima wa Mpepai aandikapo “ngolo” ayafikie yaliyoandikwa kuhusu shamba lake.