Urithi wa Phelan: Namna ya Kuipima Meza ya Pool Kamwokya

Kabla hujamsifu mchezaji, ichunguze meza. Kamwokya, jijini Kampala, panafaa sana kwa somo hili, maana mtaa unateremka kuelekea bondeni na meza husimama popote penye nafasi. Ukiona vipande vya mbao chini ya miguu ya meza, furahi: mwenyewe ameipima.

Uhakikishe upimaji wake kwa mpira mweupe. Usukume polepole sambamba na ukingo mrefu, uutazame unapokaribia kusimama. Mpira wenye kasi huficha mteremko, unaochoka huufichua. Rudia kila upande, kwenda na kurudi.

Sasa njoo kwenye kingo, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Tunadaiwa shukrani na Michael Phelan, mzaliwa wa Ireland aliyejijengea jina New York. Tarehe 12 Aprili 1859, huko Detroit, alimshinda John Seereiter katika pambano la biliadi la dola 15,000. Wengi humkumbuka kwa kitita hicho. Mimi namheshimu zaidi kwa sababu bingwa huyu aliingia karakana. Alisajili hataza za kingo bora, akaunda meza kupitia kampuni ya Phelan & Collender, akitaka mpira urudi kwa pembe ambayo mchezaji anaweza kuipigia hesabu. Alifariki mwaka 1871, lakini kila anayepiga mpira ugonge ukingo kwanza anategemea kazi ya aina hiyo.

Basi piga mpira mweupe moja kwa moja kuvuka meza: urudi kwenye mstari uleule. Piga kwa nguvu kwa urefu wa meza; ukingo hai utaurudisha mara kadhaa bila kuurusha juu. Ukisikia kishindo kizito na mpira ukafia njiani, raba imekufa au imeachana na mbao. Jaribu hasa karibu na mashimo, maana ndipo huchakaa mapema.

Mipira nayo ina historia inayotuhusu. Enzi za Phelan ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe laini za Afrika Mashariki, zilizouzwa Zanzibar, zilipendwa kuliko nyingi. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844, na pembe za huko zikaendelea kuteremka pwani. Ndovu walikuwa wakiteketea, hata kampuni ya Phelan ikaahidi dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. Mvumbuzi John Wesley Hyatt alijaribu seluloidi. Leo tunatumia plastiki ngumu. Tafuta mipira isiyo na mapengo. Kwenye meza nyingi za sarafu mpira mweupe ni mdogo kidogo, ili mashine iutambue na kuurudisha. Ukipotea, usikubali wa kuazima wenye ukubwa wa mingine.

Kitambaa kipapase kwa kiganja: kisiwe na mikunjo wala mashimo ya moto wa sigara. Fimbo ibingirishe mezani. Isiyonyooka hucheza ncha. Ngozi ya ncha iwe ya duara na ishike chaki.

Ukibahatika kumkuta fundi akibadilisha kitambaa, omba kutazama. Hapo ndipo utajua kama chini yake kuna bamba la jiwe au mbao iliyokwisha kuvimba kwa unyevu wa masika.